Dirisha la Kiswahili na Mwenye Nyumba Yake

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Habari hii ilipotufikia hapa idarani tuliipokea kama habari ya mafundi, mpaka ilipoingia katika ajenda ya kikao chetu. Maabara yetu ya lugha ina kompyuta 22, karibu zote za zamani. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kompyuta iwe na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni, na zetu nyingi hazina. Msimamizi wa maabara alieleza kwamba njia ni tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na zilizopo kwa hatari yetu wenyewe, au kuhamia Linux. Mjadala ukaelekea kwenye bei. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu wa sarufi, alipouliza: "Na Kiswahili chake mnakipeleka wapi?" Watu walicheka, na mwenyekiti akaendelea na ajenda nyingine.

Mimi sikucheka sana. Maabara ile ndimo tunamofundishia kozi ya Istilahi na Tafsiri, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwaonyesha wanafunzi kompyuta yenye Kiswahili kama ushahidi kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi na teknolojia. Hatukuwahi kuwaambia Kiswahili kile ni cha nani, kilifikaje pale, na kinaweza kuondokaje. Katika makala haya nitakitazama kwanza Kiswahili chenyewe kilivyo katika skrini, kisha niirudie njia iliyokileta.

Nianze na sifa, kwani zipo. Neno pakua ni mfano mzuri wa istilahi iliyozaliwa nyumbani. Kabla ya kompyuta mtu alipakua wali sufuriani au shehena jahazini. Leo anapakua faili, na sijapata mwanafunzi aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Neno ghairi kwa kitufe cha kuachana na jambo kabla halijatendeka ni zuri kuliko la Kiingereza chenyewe, kwa sababu kughairi ni kubadili nia, na hilo ndilo hasa analofanya aliyeketi mbele ya mashine. Kivinjari nacho kimetokana na kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huku kwa kupeleleza. Maneno haya si mali ya kampuni moja. Mengine yaliundwa na wanataaluma, mengine na waandishi wa habari, na mengine yaliibuka tu yakakubalika. Hata hivyo ni kweli kwamba programu za kampuni kubwa zimesaidia kuyasambaza, na asiyekiri hilo hasemi haki.

Lakini panapohusika istilahi zinazogombaniwa, hali si shwari, na sisi wa nchi jirani ndio tunaoumia zaidi. Vitabu vyetu vinatoka pande mbili. Vya Kenya vinamfundisha mwanafunzi tarakilishi. Vya Tanzania vinasema kompyuta. Na hukosi kukuta ngamizi katika karatasi ya zamani ya mtihani. Chombo cha kuelekezea mshale kwa mmoja ni kipanya, kwa mwingine ni puku. (Mwanafunzi wetu mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam alituchekesha kwa kusema kwamba huko alipanda kipanya kwenda sokoni. Kumbe ndivyo mabasi yale madogo yalivyoitwa mitaani.) Kuna nenosiri na kuna nywila. Kuna intaneti, mtandao na mdahalishi. Mtanzania au Mkenya huishi na neno la upande wake bila wasiwasi. Mwanafunzi wa Kampala au wa Mbarara huandika tarakilishi kwa mwalimu mmoja akapata alama, akaandika neno lile lile kwa mwalimu mwingine akakatwa. Nimeziona karatasi hizo. Nyingine nilizikata mimi.

Mtu angetarajia kwamba ujio wa programu zilizotafsiriwa ungeumaliza ugomvi huu. Haukuumaliza. Umeongeza mwamuzi wa tatu ambaye hakuna aliyemchagua. Siku hizi mwanafunzi anayekatwa alama hajitetei tena kwa kamusi, anajitetea kwa skrini: "Mwalimu, mbona kompyuta yenyewe imeandika hivi?"

Hata hivyo msamiati ni tatizo dogo. Kubwa liko katika sarufi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo tunapohusika sisi wa idara ya Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwandishi wa programu haandiki kila sentensi kwa ukamilifu. Huandika sentensi yenye pengo, na mashine hulijaza pengo lile kwa jina la kitu kinachohusika. Kwa Kiingereza sentensi ya kusema kwamba kitu fulani kimefutwa inafaa kwa kila nomino, iwe kitabu, picha, ujumbe au mtu. Kwa Kiswahili haiwezekani. Kitabu kimefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, jedwali limefutwa, mtumiaji amefutwa. Mtafsiri anapewa kipande cha maneno bila kuonyeshwa nomino itakayoingia, na pengine itaingia yoyote. Afanye nini? Aghalabu huandika imefutwa, kwa kuwa ngeli ya I-ZI ndiyo inayopokea maneno mengi ya kigeni, akaomba Mungu. Matokeo yake ni mashine kusema "kitabu imefutwa" na "ujumbe imetumwa".

Katika nchi nyingine hili lingekuwa kosa la kuchekesha tu. Hapa Uganda ni kosa lenye historia. Kiswahili kilichozoeleka kambini na sokoni kwa miaka mingi ni kile kinachoangusha upatanisho: kitabu yangu, watu ingine, gari zinakuja moja. Kazi yetu ya mwaka wa kwanza, karibu muhula mzima, ni kuurudisha upatanisho huo kinywani na kalamuni mwa mwanafunzi. Kisha anatoka darasani, anafungua programu katika simu, na simu inamwambia kwa herufi safi za chapa yale yale tuliyomkataza asubuhi. Nilimsahihisha binti mmoja aliyeandika "ujumbe imetumwa" katika insha. Hakubisha, alinionyesha simu yake tu. Nilibaki nimeduwaa, nikatafuta la kusema, nikasema simu imekosea. Alinitazama kwa heshima, lakini nadhani hakuniamini.

Kuna watafsiri hodari wanaolikwepa shimo hili. Badala ya kusema kitu kimefutwa, husema "kufuta kumekamilika", wakaupatanisha mnyambuliko na kitenzi-jina, nomino iliyomo ndani ya pengo isiguswe kabisa. Ni ufundi wa kupendeza, na tunapaswa kuufundisha. Zipo pia mbinu za kuandika programu ili kila nomino ibebe ngeli yake, lakini zinahitaji mwandishi wa programu ajue tangu mwanzo kwamba lugha za namna hii zipo duniani. Anayekaa Redmond, katika jimbo la Washington, ambako Microsoft ina makao yake makuu, hana sababu ya kuziwaza ngeli kabla ya kuandika mstari wake wa kwanza. Kiswahili humfikia mwishoni, nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kikagua tahajia. Mashine iliyowekewa Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na ukurasa wa mwanafunzi hugeuka kama daftari lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Hata pale Kiswahili kinapowekwa, orodha ya maneno pekee haitoshi. Kitenzi kimoja kama piga, ukikipa viambishi vya nafsi, njeo, ukanushi, yambwa na rejeshi, kisha ukakinyambua kuwa pigia, pigana, pigiana, pigisha na pigwa, kinazaa maumbo maelfu. Hakuna orodha itakayobeba "tusiyompigia" na "walivyokuwa wakipigiana" pamoja na ndugu zake wote. Kinachohitajika ni programu inayolichanganua neno. Na jambo hilo linawezekana: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuonyesha kwamba kompyuta inaweza kuuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kanuni. Kwa hiyo elimu ilikuwapo kabla ya Windows kujua Kiswahili.

Kuna jambo dogo ambalo kwetu si dogo. Katika mifumo ya kompyuta kila lugha hupewa alama. Katika Windows Kiswahili kiliingia kwa alama ya sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya, na kwa miaka mingi hapakuwa na kingine. Baadaye, katika Windows 10, yaliongezwa mapangilio ya tarehe na namba ya Tanzania, Uganda na Kongo, lakini tafsiri ya menyu yenyewe ilibaki ya Kenya. Sina ugomvi na ndugu zetu wa Kenya. Ila ukimweleza mzee wa Unguja kwamba ili kompyuta yake iseme Kiswahili lazima kwanza akiri kuwa yuko Kenya, jiandae kwa jibu.

Sasa niigeukie njia iliyokileta Kiswahili hicho. Mwezi Machi 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa lugha za kienyeji, na mwezi Juni mwaka huo huo ikatangaza kwamba Windows na Office zitapatikana kwa Kiswahili. Wataalamu wa Kiswahili wa Afrika Mashariki walihusishwa katika kuandaa faharasa ya istilahi. Kilichotolewa baadaye kilikuwa kifurushi cha lugha cha kuongezewa juu ya Windows XP na Office 2003. Kifurushi kilikuwa bure. Windows yenyewe haikuwa bure. Maneno ya Kiswahili yalikuwa kitambaa cha kutandika juu ya meza ambayo lazima uwe umekwisha kuinunua, na kitambaa hakikuifunika meza yote: ukiingia ndani kidogo katika mipangilio, Kiingereza kilikuwa kinakusubiri.

Tangazo lile tulilishangilia. Nakumbuka wakati huo katika mazungumzo ya wanakiswahili hoja ilikuwa moja tu, kwamba lugha yetu imetambuliwa. Tuliliona kama zawadi iliyoanguka kutoka mbinguni. Tungetazama kalenda, tungeona kwamba haikuanguka yenyewe. Mwezi ule ule wa Machi 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya yuro milioni 497 kwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni, ikiwamo kuifunga programu ya kuchezea muziki ndani ya Windows. Marekani, Jaji Thomas Penfield Jackson alikuwa ameamuru mwezi Juni 2000 kampuni igawanywe mara mbili. Mahakama ya rufani ikalitengua agizo la kugawanya mwaka 2001, lakini haikulitengua lile la msingi, kwamba kampuni ililinda ukiritimba wake kwa njia zisizo halali. Wakati huo huo mpinzani mpya, Linux, alikuwa akiingia maofisini. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa kampuni, aliifananisha Linux na saratani. Jiji la Munich, Ujerumani, lilipokuwa likijadili mwaka 2003 kuhamia Linux, Ballmer alikwenda huko mwenyewe kujaribu kulishawishi. Thailand nako, serikali ilipoanza kusambaza kompyuta za bei nafuu zenye Linux, Microsoft ilishusha bei, kisha mwaka 2004 ikatangaza toleo dogo la Windows XP lisiloruhusu zaidi ya programu tatu kufunguliwa kwa wakati mmoja. Toleo la watu wa nchi maskini. Nadhani halihitaji maelezo.

Kwa hiyo lugha ndogo na za kati zilipata bahati kwa sababu soko lilikuwa limepata mshindani. Waaisilandi walilijua hili mapema. Mwaka 1998 serikali yao iliomba Windows itafsiriwe katika lugha yao, ikajibiwa kwamba soko la watu wasiofika laki tatu ni dogo mno. Walipiga kelele duniani kote, na mwaka 1999 kampuni ikakubali kuitafsiri Windows 98, nao wakaahidi kupambana na nakala za wizi. Yalikuwa mapatano ya pande mbili, na kila upande ulijua unachotoa. Sisi tulitoa nini? Tulitoa wataalamu. Sijapata kusikia kwamba tulidai chochote.

Kuhusu nakala za wizi, tusijifanye hatujui. Katika miji yetu ya miaka ile ilikuwa shida kumpata mtu aliyeinunua Windows dukani. Kampuni ililalamika, na tangu barua ya Bill Gates ya mwaka 1976 kwa wapenzi wa kompyuta imekuwa ikilalamika. Lakini Gates mwenyewe alisema mwaka 1998, akiizungumzia China, kwamba maadamu watu wataiba basi afadhali waibe za kwake, kwani siku moja kampuni itajua namna ya kuwatoza. Aliyezoea nyumba hata kwa kuingia kwa mlango wa nyuma ni mpangaji wa kesho. Kizazi chetu chote kilijifunza kuandika kwa Word ya namna hiyo, na leo vyuo vyetu vinalipia leseni.

Wapo waliouliza swali ambalo sisi hatukuliuliza. Mwaka 2006, Chile, viongozi wa Wamapuche waliipinga Microsoft kwa kuitafsiri Windows katika lugha yao ya Kimapudungun bila ridhaa yao. Kampuni ilikuwa imeshirikiana na Wizara ya Elimu ya Chile. Viongozi wale walisema lugha ni urithi wa watu wao, na kwamba wizara haina mamlaka ya kuitoa. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliwacheka. Niliwaza: watu wanaletewa maendeleo wanayakataa! Leo sicheki, ingawa siwezi kuichukua hoja yao yote kama ilivyo. Kiswahili hakina kabila moja la kusema ni chetu pekee. Kimekua kwa kuazima na kuazimwa, na Mganda ana haki nacho kama Mtumbatu. Lakini ndani ya hoja yao mna swali linalotuhusu: anayekubali kwa niaba ya lugha ni nani, na akikubali anaandikiana nini?

Njia nyingine ilikuwapo, na ilikuwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswidi, kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi uliojulikana kama Kilinux. Ilikuwa na kichakata maneno, majedwali na mawasilisho, na mtu aliweza kuinakili, kumpa jirani, na hata kuyarekebisha maneno yake. Nilipokwenda Dar es Salaam kwa shahada ya uzamili nilipewa CD yake na mwenzangu wa bweni. Niliitumia kuandikia kazi zangu za muhula, nikakerwa na istilahi zake kadhaa, na sikuwahi kumwandikia mtu hata mstari mmoja kumweleza zinavyoweza kurekebishwa. Nilipoanza tasnifu nilirudi katika Word kwa sababu msimamizi wangu alitaka faili za Word.

Hapo pana kisa kizima kwa ufupi. Jambo OpenOffice haikushindwa na Kiswahili chake. Ilipungukiwa mikono. Fedha za mradi zikiisha, programu huria huishi kwa watu wanaojitolea kuitafsiri upya kila toleo jipya linapotoka, na sisi wenye shahada za Kiswahili, ambao kazi hiyo ilitufaa kuliko wahandisi, hatukuonekana. Nasema hatukuonekana nikijihesabu wa kwanza. Isitoshe, faili za Word za wakati ule zilikuwa na muundo ambao kampuni haikuuweka hadharani kwa ukamilifu mpaka mwaka 2008, kwa hiyo anayetumia programu nyingine alipokea waraka wenye kurasa zilizoparaganyika. Muundo wa wazi wa nyaraka ulikuwa umekwisha kupitishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006. Microsoft haikuridhika nao. Ilipeleka wa kwake, ukapitishwa mwaka 2008 baada ya mivutano mikali. Nchini Sweden kura ya taasisi ya viwango ilibatilishwa, na ilidhihirika kwamba mfanyakazi wa kampuni alikuwa amewaahidi washirika wake msaada wa kibiashara wakijitokeza kupiga kura. Leo chuo chetu kinapokea tasnifu kwa muundo huo wa pili tu. Hakuna kikao kilichouchagua.

Atatokea wa kuniambia kwamba ninafufua magomvi ya kale. Ni kweli kampuni imebadilika kwa sura nyingi. Ilijiunga na wakfu wa Linux mwaka 2016, na mwaka 2018 ikainunua GitHub, ghala kubwa la programu huria, kwa dola bilioni 7.5. Istilahi zake za lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, iliziweka mahali ambapo yeyote anaweza kuzitafuta na kuzipakua, na mimi mwenyewe nimenufaika nazo darasani. Mwaka 2023 tovuti ile ya istilahi ilifungwa, zikahamishiwa kwingine. Hazikupotea. Ila viungo vyote nilivyokuwa nimewaandikia wanafunzi katika mwongozo wa kozi vilikufa siku moja, na hapakuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa mwenye nyumba huhamisha samani zake apendavyo.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Simlaumu mfanyabiashara kwa kufanya biashara. Windows XP ilikoma kupata msaada tarehe 8 Aprili 2014, na kifurushi chake cha Kiswahili kikazeeka pamoja nayo. Toleo lililofuata lilihitaji kifurushi kingine, na lililofuata kingine tena, na kila mara ni kampuni inayoamua lugha gani iendelee, kwa kiasi gani, kwa alama ya nchi gani. Kazi ya wataalamu wetu ilikuwa ya thamani, lakini ilitiwa ndani ya kitu chenye tarehe ya kufa. Kamusi haifi hivyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 bado iko juu ya meza yangu, imechanika jalada, na hakuna aliyekuja kuniambia kwamba tangu Jumanne haina msaada.

Na jambo lenyewe linarudi kwa sura mpya. Tangu mwaka 2019, ilipoweka dola bilioni moja katika kampuni ya OpenAI, Microsoft imejiingiza katika mashine zinazoandika, na sasa msaidizi wa namna hiyo yumo ndani ya Word. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi ya watu, Kiswahili kikiwamo. Nimejaribu. Upatanisho wa ngeli wanaujua kuliko zile sentensi za mapengo, na mara nyingine kuliko wanafunzi wangu, sitaki kuficha. Lakini nikiuliza neno lile limetoka kwa nani, kwa mwandishi gani, kwa mkataba gani, ninarudi pale pale penye Wamapuche. Safari hii hata faharasa hatukuombwa.

Katika kikao kijacho nitapendekeza mambo mawili, na nayaandika hapa ili wenzangu wajiandae kunipinga. La kwanza, tusinunue mashine mpya kwa ajili ya Windows 11 peke yake. Nusu ya kompyuta za maabara, zile zisizokidhi masharti, ziwekewe Linux na LibreOffice, na wanafunzi wa Istilahi na Tafsiri wapewe kama kazi ya muhula kutafsiri na kusahihisha sehemu zilizo wazi, kila mmoja kwa jina lake. Nusu nyingine ibaki na Windows, kwa sababu wanafunzi wetu wanakwenda kuajiriwa katika ofisi zinazoitumia, na si haki kuwapeleka huko mikono mitupu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ofisi hizo siku moja zitahitaji mtu wa kuzieleza menyu ya Kiswahili, na afadhali awe anajua pia kuikosoa.

La pili, idara iwe na faharasa yake ya istilahi za kompyuta, yenye ngeli ya kila neno, yenye maneno ya Kenya na ya Tanzania bega kwa bega, na kanuni moja ya kusahihishia mitihani: neno lolote lililomo katika faharasa lipewe alama, awe nani anayesahihisha. Itolewe kwa leseni ya wazi, kampuni yoyote ikiitaka iichukue, Microsoft pia, ilimradi iseme imeitoa wapi.

Nimekwisha kuanza na istilahi 140 za kozi yetu, kwa kalamu, katika daftari lililo juu ya meza ya msimamizi wa maabara. Tarakilishi na kompyuta nimeziandika mstari mmoja. Kwenye faili nimeacha nafasi ya ngeli wazi, kwa maana mwalimu wa sarufi anasema limefutwa, mimi nasema imefutwa, na bado hatujakubaliana.